Kadi Nyekundu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kiti changu kimehamishwa! Nimerudi kutoka kazini, nimevua viatu, nimekwenda kukaa pale ninapokaa siku zote, nusura nikalie cherehani. Mama mkwe amekisukuma kiti changu hadi kwenye mlango wa choo, na pale dirishani penye mwanga ameweka cherehani yake. Amesema kwa upole kabisa kwamba macho yake siku hizi yanataka mwanga, nimwie radhi, baba. Ananiita baba. Ningesema nini? Nimesema hamna shida, mama, hapa ni kwako.

Mdomo wangu huu!

Alikuja kututembelea kidogo tu. Sasa ana msumari wake ukutani wa kutundikia futi ya kupimia, ana kikombe chake, na alfajiri kabla ya jogoo kuamka cherehani inaanza kunguruma upande wa pili wa ukuta ninaoegemeza kichwa. Nimemwambia mke wangu, kwa sauti ya chini, kwamba labda mama amechoka na anapakumbuka kwake. Mke wangu amejibu kwa sauti ya juu kwamba mama hajachoka, na kama shida yangu ni kiti, kiti kipo. Nenda kakae.

Nimekaa. Kila anayekwenda haja lazima nimpishe miguu.

Kwa nini asiende kwa Shemeji? Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu. Ana nyumba yenye vyumba vya wageni na bustani, na hakuna simu anayopiga bila kutueleza majani ya bustani yake yamekatwaje. Kimoyomoyo namwita Shemeji Bustani. Hajawahi hata siku moja kusema mama aende kwake. Anasema tu anashukuru mama yuko kwenye mikono salama. Mikono yenyewe ni yangu!

Jicho langu la kulia linawasha. Nyuzi za cherehani hizo, bila shaka.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Na limekuja kazini, kwa hiyo naweza kusema nimelipata kitaalamu.

Mimi ni karani wa mapokezi katika kliniki ya macho. Si daktari. Lakini nimekaa pale mlangoni miaka mingi kuliko daktari mwenyewe, na mlango wa chumba chake haufungi vizuri, kwa hiyo udaktari wote nimeusoma kwa sikio. Leo aliingia fundi wa paa, analia, ana kijinundu cha manjano kwenye weupe wa jicho, upande wa pua. Alidhani ni kansa. Daktari akamweka kwenye darubini yake ya taa, akamwambia maneno anayoyasema karibu kila siku: hiki hakina ubaya, ni jua, vumbi na upepo wa miaka mingi, tumia miwani ya jua, nenda kafanye kazi. Fundi akatoka anacheka peke yake.

Sasa, mke wangu aliwahi kuniambia mama yake ana kitu hicho hicho. Kipo tangu yeye msichana, hakiumi, hakikui. Mimi mwenyewe sijakiona. Nitakionaje? Mtu hamkodolei macho mama mkwe wake. Tunazungumza vizuri, lakini yeye anatazama mikono yangu na mimi natazama viatu vyake.

Mpango: jirani yetu ni karakana ya seremala. Vumbi la mbao mchana kutwa. Kwa Shemeji Bustani kuna nini? Majani! Hewa safi! Mambo yanajipanga yenyewe.

Wakati wa chakula cha jioni nikaweka kijiko chini. Nikavuta pumzi kama avutavyo daktari kabla ya kusema jambo zito. Nikasema mama, nimekuwa nakiangalia hicho kijinundu cha jicho lako. Uongo wa kwanza. Nikasema ni uvimbe, na uvimbe wa namna hii chakula chake ni vumbi. Nikasema angehitaji kukaa mahali penye hewa safi, kwa mfano tu, penye bustani.

Mama mkwe naye akaweka kijiko chini. Akauliza, taratibu sana, kama ni ule unaopofusha.

Hapo ndipo ningesema hapana. Neno fupi. Nikatazama viatu vyake nikasema bado ni mapema.

Hakumaliza chakula. Mimi nimemaliza, lakini sikukisikia ladha.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji Bustani ni mkaidi. Mke wangu alimpigia simu huku sauti inamtetemeka, naye akasema kijinundu kile anakijua, mama alikuwa nacho tangu enzi hizo, sasa nani kampima? Mke wangu akasema mume wangu. Shemeji akacheka! Nilimsikia kutoka kule mlangoni mwa choo. Akasema mume wako anapima foleni, hapimi macho.

Hilo limeniingia. Nimesema utaona.

Pale kliniki kila mgonjwa anavaa kadi shingoni, na rangi naitoa mimi. Kijani, anaweza kusubiri. Njano, asicheleweshwe. Nyekundu ni kwa jicho lililochomwa na kitu, lililomwagikiwa dawa kali, au lililoacha kuona ghafla. Ikiingia nyekundu, kila mtu anaacha alichoshika. Huwa tunazitoa mara chache mno. Leo nimechukua moja nikaitia mfuko wa shati. Ya kupiga picha tu! Nimtumie Shemeji picha, ajue kupima ni nini, kisha niirudishe.

Picha nimepiga nyumbani juu ya meza, nikamtumia. Shemeji akaandika kwamba atakuja kumchukua mama, akimaliza kupanda majani upande wa nyuma. Nikaona ushindi huu hapa.

Kugeuka, mama mkwe amesimama nyuma yangu. Akaipokea ile kadi kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto. Akauliza rangi nyekundu maana yake nini. Nikasema maana yake unatangulia foleni. Na ni kweli! Si kweli yote, lakini ni kweli. Akaivaa shingoni. Amelala nayo.

Jicho langu limekuwa jekundu. Mgonjwa mmoja leo aliniambia pole kwa msiba.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui niandike vipi ya leo.

Niliamka nikamkuta mama mkwe kwenye korido, macho ameyafunga, mkono mmoja ukutani, anatembea kwenda jikoni. Nikadhani anaomba. Hapana. Anajifunza nyumba. Amesema ni afadhali aizoee sasa, giza likija lisimkute mgeni. Binti yetu mdogo akaona ni mchezo, naye akafumba macho akamfuata bibi yake amemshika nguo, anacheka mpaka anagonga kabati. Mama mkwe hakucheka. Baadaye akamwita mtoto dirishani, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama uso. Akamtazama na masikio, moja moja. Akamwambia asimame kidogo tu tena.

Nikaenda chooni nikakaa. Si mbali.

Nilipotoka aliniita nisimame nipimwe. Anataka kunishonea shati, la mwisho akiwa bado anaona vizuri. Amesema watoto wake wa kuwazaa hawakuliona jicho lake, nimeliona mimi, mtoto wa watu. Alinipima mabega, mikono, shingo. Macho yake yote kwenye futi, yangu yote dirishani. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na cherehani juu yake.

Nikasema leo nasema kweli. Naapa nilifungua mdomo. Mke wangu akaingia hapo hapo, kope zimevimba kwa kulia, akanikumbatia mbele ya mama yake. Hajanikumbatia hivyo tangu harusi. Akasema kumbe siku zote alikuwa hanijui.

Nikafunga mdomo.

Jumapili, 9 Machi

Shati limekamilika. Upande wa kulia ameushona akiwa amefumbua macho. Upande wa kushoto ameushona akiwa ameyafumba, kwa mazoezi. Mkono wa kulia unafika kwenye kifundo, sawasawa, kazi safi kabisa. Wa kushoto unapita vidole. Vifungo vinaanza vizuri kisha vinapotea njia. Kola moja imelala, nyingine imesimama kama inauliza swali.

Akaniuliza linakaaje. Hakuliangalia, aliuliza tu, uso ameuelekeza dirishani. Nikasema linakaa kama nililozaliwa nalo. Akafurahi! Akasema basi kesho nilivae kazini.

Lakini nina mpango wa kuyamaliza haya bila mtu kuumbuka, hasa mimi. Kesho jioni nitarudi na chupa ya machozi ya dukani, yale matone ya kulainisha jicho. Nitasema nimemweleza daktari dalili naye ameagiza dawa mpya, kali sana. Atie siku mbili tatu, mimi nichungulie kwa mbali, niseme ajabu, uvimbe umenywea! Kila mtu atashukuru. Kadi nitairudisha mezani. Sijui kwa nini sikuliwaza hili mapema.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya foleni nzima.

Asubuhi nilifika na shati langu. Sista, muuguzi wetu, mwanamke asiyejua kunong'ona, akauliza kama nimevaa gizani au nimevalishwa na adui. Nikakunja ule mkono mrefu, nikakaa. Wagonjwa wamejaa hadi kwenye ngazi. Nikaanza kugawa kadi. Kijani, kijani, njano, kijani.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe! Peke yake, mkono ukutani, macho nusu yamefumbwa kwa mazoezi, amevaa nguo yake nzuri, na shingoni kadi nyekundu. Alichoka kusubiri, alisema baadaye. Hakutaka kunipa kazi ya kumleta.

Niliruka. Sista alikuwa ameshaiona. Sista akiona nyekundu haulizi. Alipiga yowe moja, kiti cha magurudumu kikatoka sijui wapi, mama mkwe akakalishwa, akasukumwa mbio, akalazwa, jicho likafunguliwa na mfuko mzima wa maji ya dawa ukamiminwa humo kumwosha kitu ambacho hakikuwemo. Daktari alitoka mbio chumbani akamwacha mzee wa watu kidevu kwenye darubini, anangoja kuambiwa atazame juu. Kote ni kuulizana kumeingia nini, ni tindikali, ni chokaa, ni msumari?

Mama mkwe, maji yanamtiririka hadi masikioni, akapata nafasi ya kusema. Akasema ni vumbi.

Sista akauliza nani kakupa nyekundu. Mama mkwe akainua mkono akanielekeza, kwa fahari! Mkwe wangu, akasema, yule pale mwenye shati zuri.

Foleni yote iligeuka kunitazama mimi na shati langu.

Daktari akamfuta maji, akamweka kwenye darubini. Mlango, kama nilivyoandika, haufungi vizuri. Safari hii hakuna aliyekohoa. Tulisikia kila kitu. Aliulizwa kama kimekua, akasema hapana. Kimebadilika rangi? Hapana. Kimewahi kutoka damu? Hapana. Daktari akamwambia atazame kushoto, atazame kulia, chini, juu. Kisha akasema, mama, kijinundu chako kimekaa kwenye weupe, hakijagusa weusi wa jicho. Si kansa na hakipofushi. Huhitaji kukatwa wala kuchomwa. Jicho likikauka tia matone, ukitoka juani vaa miwani. Utashona mpaka uchoke mwenyewe.

Mama mkwe alilia. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na mimi niliyekaa nje ndiye niliyeijua sababu ya kilio kile kuliko wote.

Nikaitwa ndani. Nilijificha uso kwa mkono wa kushoto wa shati, angalau kwa hilo ulifaa. Daktari hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Aliuliza nilimpima mama kwa taa gani. Nikasema sikutumia taa. Je, nilimtazama nikiwa wapi? Nikasema sikumtazama. Hata mara moja? Nikasema daktari, yule ni mama mkwe wangu, siwezi kumkazia macho, ni utovu wa adabu.

Sista alitoka nje kucheka. Alirudi, akanitazama, akatoka tena.

Mama mkwe hakucheka. Aliuliza jambo moja tu, kwa nini, mwanangu. Nilitafuta sababu kubwa, iliyolingana na siku ile. Sikuipata. Nikasema ni kwa ajili ya kiti.

Kitu kidogo mno kikisemwa kwa sauti.

Nilidhani nimefika chini kabisa. Bado! Daktari akasema hebu inua uso. Akanishika kidevu, akanisukuma kwenye darubini, paji la uso kwenye utepe, taa ikanichoma. Akamwita Sista aje aone. Ninacho changu! Si kijinundu, ni kinyama chenye mishipa myekundu, kimeshavuka weupe, kimepanda kwenye weusi na kinaelekea mboni taratibu. Akauliza kama nanyoa ndevu. Kila asubuhi, nikasema. Kwenye kioo? Ndiyo. Sasa huwa naangalia nini? Nikasema ndevu.

Hiki nacho si kansa, akasema, lakini kisipokatwa kitaziba kuona. Vumbi na upepo vimekilea, nami naendesha pikipiki bila miwani kila siku mbele ya kliniki ya macho. Niliposikia neno kukatwa nikatafuta pa kukaa. Kiti cha magurudumu kilikuwa bado kipo pale. Kilikuwa kimelowa.

Jumanne, 11 Machi

Kiti changu kimerudi dirishani. Mama mkwe amekisukuma mwenyewe, kabla sijaamka. Cherehani ameifunika na kitambaa, futi ameiondoa kwenye msumari. Mwanga wote sasa ni wangu. Nimekaa hapo na sijui nifanye nini nao.

Mke wangu hasemi nami. Anamtuma mtoto. Mwambie baba yako chakula kiko mezani. Mtoto ananiambia, nasema asante, mtoto anapeleka asante jikoni, jikoni inapokea kimya.

Nilimwomba mama mkwe radhi. Sikutazama viatu, lakini sikufika usoni, niliishia kwenye mikono yake. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe. Akasema giza lenyewe hakuliogopa sana, watu wanaishi nalo. Aliogopa kushikwa mkono kila siku na mtu ambaye hamtaki. Alidhani kwangu angalau hilo halipo.

Nimelia. Lile jicho likauma zaidi.

Anaondoka Ijumaa. Haendi kwa Shemeji Bustani, maana Shemeji aliposikia si uvimbe amesema basi hakuna haraka, majani ya nyuma bado hayajashika. Anarudi kwake, nyumba isiyo na mtu. Mkoba wake uko mlangoni, umefungwa.

Kazini, Sista amechukua kadi zote nyekundu na kuzifungia. Nimeachiwa njano na kijani. Kila anayepita ananiuliza leo mama mkwe anaendeleaje.

Nakatwa Alhamisi. Jioni nilimwuliza mke wangu, kupitia kwa mtoto, nani atanitia dawa mchana yeye akiwa shuleni anafundisha. Kisha nikasikia mkoba unafunguliwa zipu. Mama mkwe alitoa nguo zake moja moja akazirudisha kabatini, bila neno, na kwa hasira kiasi.

Jumapili, 16 Machi

Nimeshakatwa. Sitaki kuandika kuhusu siku yenyewe, ila kwamba nililia kabla ya sindano, na Sista alisikia, na sasa kila mtu anajua. Bandeji imetoka, jicho ni kama nyanya iliyokanyagwa.

Dawa natiwa mara nyingi kwa siku. Mama mkwe anaosha mikono, ananilaza kichwa nyuma, ananivuta kope. Mtu hawezi kutia dawa jichoni huku akiangalia mikono. Kwa hiyo leo tumetazamana. Mara ya kwanza kabisa! Uso wake ulikuwa juu yangu, karibu, na nikakiona. Kijinundu chenyewe. Kidogo, manjano, kama tone la nta lililoganda, kimetulia pembeni hakina habari na mtu. Kwa kitu hicho nilimfanya mama wa watu atembee kwa kupapasa.

Nikafumba macho kwa aibu. Akanifinya shavu, akasema fumbua, dawa ni ghali. Nikafumbua. Akasema tena kwamba mwanamume mzima ninatetemeka kuliko mjukuu wake. Kisha akacheka. Alicheka vizuri, kwa tumbo, mpaka tone likadondoka puani kwangu.

Alipokwenda kupumzika niliburuta cherehani hadi dirishani. Kwa jicho moja si kazi rahisi. Nimejigonga goti na nimevunja kikombe, si chake. Kiti nimekirudisha mlangoni mwa choo kwa mikono yangu. Futi nimeitundika kwenye msumari.

Alfajiri ikinguruma, ingurume. Nimeapa mbele ya kitabu hiki: sitasema tena neno lolote kuhusu jicho la mama mkwe, hata nikiulizwa.

Jumatano, 26 Machi

Nimetimiza kiapo! Naandika hili kwanza ili likae juu.

Mke wangu, ambaye sasa ananisemesha bila mtoto, aliniambia asubuhi kwamba Shemeji Bustani anakuja leo kumchukua mama. Majani yameshika. Isitoshe mke wake ana mapazia mengi ya kushonwa. Nilikwenda kazini moyo mzito. Nani atanicheka nikitiwa matone? Nani atamfundisha mtoto kupinda ukingo? Nimezoea hata ile ngurumo. Jana cherehani ilichelewa nami nikachelewa kazini.

Jioni nikamkuta Shemeji amekaa, gari lake limeziba mlango wa seremala. Alikuwa anacheka tangu nje. Ameambiwa yote. Akataka kuona shati, na kwa bahati mbaya nilikuwa nimelivaa, siku hizi nalivaa sana. Alicheka mpaka akashika meza. Mama mkwe alikuwa anakunja nguo zake polepole. Hakusema anataka kwenda wala hataki. Yeye huenda anakoitwa. Lakini nilimwona anaishika cherehani pembeni, pale rangi ilipochubuka, kisha anaiachia.

Kuhusu jicho lake sikusema kitu. Kiapo ni kiapo.

Nikatazama la Shemeji. Yeye si mama mkwe, naruhusiwa! Na pale, kwenye weupe, kuna kidoa cha kahawia. Kipo kweli! Nakijua, daktari huwa anasema ni kama alama ya kuzaliwa ya kwenye ngozi, kinapigwa picha, kinaangaliwa tena baadaye kama hakijabadilika, basi. Nikavuta pumzi ile ya daktari. Nikasema Shemeji, umekuwa ukijitazama kwenye kioo?

Akasema usinianze. Nikasema sawa. Nikasema mimi pia nilikuwa nacheka, hebu nitazame sasa, na nikamfungulia jicho langu, ambalo bado linatisha. Kicheko kikakatika. Akauliza kinaweza kuwa nini. Nikasema mimi si daktari. Mara ya kwanza nasema hivyo, na sijawahi kuaminiwa namna ile. Nikamwambia tu kwamba mimi ningekuwa yeye nisingeendesha gari safari ndefu, na mama humo ndani. Kadi ya njano ilikuwa mfukoni kwa bahati. Si kwa bahati. Ila si nyekundu! Mtu hujifunza.

Ameivaa shingoni. Amekwenda kwenye kioo cha chooni, ametoka uso umesawijika. Ameuliza daktari anapatikana lini, nikamwambia ukweli mtupu, yuko likizo hadi wiki ijayo. Nilitegemea arudi kwake peke yake akangoje huko. Amesema hapana, hawezi kukaa mbali na kliniki katika hali hii. Atangoja hapa. Amemwomba mke wangu mto. Amekaa kwenye kiti changu na tangu hapo hajainuka. Anapumzisha jicho, na bustani ameanza kunihadithia akiwa amefumba macho.

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa choo.

Mama mkwe amerudisha nguo kabatini. Amekuja na futi yake, amemsimamisha mwanawe, amesema ngoja nikushonee shati ungali unaona. Sauti ya huzuni kabisa! Shemeji akanyoosha mikono, midomo inamtetemeka. Mama mkwe akamzungushia futi mabegani, kisha akafumba macho yote mawili. Halafu akafumbua moja, lile lile lenye kijinundu, akanitazama nalo usoni moja kwa moja, akalifumba tena akaendelea kupima.

Mpango umefaulu. Isipokuwa kiti.